Msongo wa kazini na mazoea yanayodhuru afya: tuangalie ratiba ya kazi kabla ya kumlaumu mfanyakazi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kuna jambo ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi ya kufanya kazi katika idara za rasilimali watu hapa Dar es Salaam, na ninaomba tulijadili kwa utulivu. Siku hizi karibu kila taasisi yenye uwezo huandaa siku ya afya: wataalamu huja na mashine za presha, wafanyakazi hupimwa sukari na uzito, kisha hutolewa somo kuhusu madhara ya chipsi, soda, pombe na kukaa bila mazoezi. Somo lenyewe ni la kweli. Lakini likishaisha, mfanyakazi yuleyule hurudi kwenye meza ambako malengo ya mwezi hayafikiki, simu ya bosi haina saa ya kupumzika, na chakula cha mchana huliwa saa kumi jioni, kama kitaliwa. Hoja yangu ni kwamba mengi ya mazoea tunayoyaita uzembe ni dawa ya bei nafuu ambayo mtu aliyebanwa na kazi hujitibia nayo, na hatutayaondoa kwa mahubiri iwapo mpangilio wa kazi unaoyazaa utaachwa kama ulivyo.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mtu anapokabiliwa na tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, na ini hutoa sukari iingie kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupambana. Utaratibu huo unafaa kwa hatari ya dakika chache. Afisa mikopo anayedaiwa marejesho ya wateja waliokwama hana pa kukimbilia wala wa kupigana naye, na tishio lake huanza Jumatatu asubuhi likawa halijaisha Jumamosi mchana. Kotisoli ikibaki juu kwa muda mrefu huongeza hamu ya vyakula vyenye sukari na mafuta, na huchangia mafuta kujikusanya tumboni, kuzunguka viungo vya ndani. Mwaka 2003 mtafiti Mary Dallman na wenzake walieleza kwamba vyakula vya namna hiyo huelekea kutuliza, kwa kiasi fulani, mfumo uleule wa mwili unaoendesha msongo. Kwa hiyo anayetoka kazini saa mbili usiku na kusimama kwenye kibanda cha chipsi mayai ana sababu ya kimwili ya kufanya hivyo, mbali na sababu nyingine iliyo wazi, kwamba muda wa kupika mboga na ugali umeshapita.

Usingizi nao unaingia hapahapa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, Karine Spiegel na wenzake waliwalaza vijana 12 wa kiume wenye afya njema kwa saa nne tu kwa siku mbili mfululizo, na wakalinganisha hali yao na ile waliyokuwa nayo walipopewa nafasi ya kulala kwa muda wa saa kumi. Homoni ya leptini, inayouambia mwili kwamba umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Na hamu ya vitu vitamu, vyenye chumvi na vyenye wanga iliongezeka. Sasa mfikirie mtu anayeishi mbali, Chanika au Kibaha, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, ambaye huamka saa kumi alfajiri ili awahi usafiri, na ambaye akishatoka ofisini saa moja jioni hufika nyumbani saa tatu au saa nne usiku. Huyu tunamwambia ale matunda na atembee dakika 150 kwa wiki kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, bila kumwambia dakika hizo azitoe wapi.

Pombe na sigara zina mzunguko wake. Pombe humwezesha aliyechoka kusinzia haraka, kisha hukatakata usingizi wake wa nusu ya pili ya usiku, hivyo asubuhi huamka akiwa mchovu zaidi na kuhitaji kahawa nyingi au kinywaji cha kuongeza nguvu ili afike mchana. Sigara hutoa nafuu ambayo kwa sehemu kubwa ni kuondoa dhiki iliyoletwa na kukosa sigara yenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 na Marianna Virtanen pamoja na wenzake, ukikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba waliofanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12 hadi 13, wa kuanza unywaji wa kiwango cha hatari kuliko waliofanya kazi saa za kawaida. Ongezeko hilo kwa mtu mmoja ni dogo. Kwa nchi yenye mamilioni ya wafanyakazi, si dogo hata kidogo.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote unatoka kwa watumishi wa umma wa Uingereza. Utafiti wa kwanza wa Whitehall ulianza mwaka 1967, ukawafuatilia wanaume wapatao 18,000 waliokuwa na ajira ya kudumu ndani ya serikali moja, hakuna fukara wa kutupwa wala tajiri wa mashamba. Hata hivyo, waliokuwa ngazi ya chini kabisa, kama matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakuu wao. Ni kweli walivuta sigara zaidi, lakini sigara, presha na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot na wenzake walianzisha utafiti wa pili mwaka 1985, safari hii wakiwa na wanaume na wanawake 10,308, na wakauliza jambo ambalo awali halikuulizwa vya kutosha: je, mtu huyu ana sauti gani juu ya kazi yake? Anaweza kuamua aanze na lipi? Anaweza kupumzika akichoka? Majibu yalionyesha kwamba kukosa mamlaka juu ya kazi yako kunaendana na ugonjwa wa moyo, na kwamba jambo hilo linaeleza sehemu kubwa ya pengo kati ya ngazi za juu na za chini.

Kutoka kwenye utafiti huohuo, Tarani Chandola na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ambayo yanagusa hoja ya uzi huu moja kwa moja. Walipima ni kwa njia gani msongo wa kazi humfikisha mtu kwenye ugonjwa wa moyo, wakakuta kwamba takriban asilimia 32 ya athari hiyo inapita kwenye mazoea ya maisha, hasa kutofanya mazoezi na kula vibaya, pamoja na mkusanyiko wa kitambi, sukari, presha na mafuta mabaya kwenye damu. Ninaomba tuitazame namba hiyo kwa pande zote mbili. Theluthi moja ni kubwa kiasi kwamba hatuwezi kuyapuuza mazoea. Lakini sehemu kubwa inayobaki ina maana kwamba hata mfanyakazi akiacha chipsi, sigara na bia zote, msongo bado una njia nyingine za kumfikia, na njia hizo hazifungwi na mtaalamu wa lishe.

Wanataaluma wamejaribu kueleza ni kazi ipi hasa inayochosha kwa namna hii. Robert Karasek, mwaka 1979, alisema hatari iko pale madai ya kazi yanapokuwa makubwa huku uhuru wa kuamua ukiwa mdogo. Johannes Siegrist, mwaka 1996, akaongeza kipimo cha haki: mtu anatoa jasho kiasi gani, na anarudishiwa nini katika mshahara, heshima na usalama wa ajira. Mtu aliyefanya kazi benki kwenye dirisha la fedha, au kwenye kituo cha simu za wateja ambako kila dakika inahesabiwa, hahitaji kufafanuliwa sana nadharia hizi. Wala mwalimu anayesubiri kupandishwa daraja mwaka baada ya mwaka. Ninaongeza kwamba kwetu msongo wa kazi na msongo wa mshahara havitenganishiki. Mtumishi ambaye mshahara wake unaishia kwenye mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, kabla hajaugusa hawezi kukataa kazi ya ziada hata mwili unapomkatalia.

Nimalizie sehemu hii kwa jambo la kisheria ambalo naona halijatazamwa vya kutosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo duniani katika mwaka 2016. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na ile ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Sasa tusome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Gawanya hizo 50 kwa nne, ujumlishe na 45: unapata saa 57 na nusu. Yaani mwajiri anaweza kufuata kifungu kwa uaminifu kabisa, akalipa kila saa ya ziada kwa mara moja na nusu, na bado akamweka mtu wake ndani ya eneo ambalo mashirika hayo mawili yanalitaja kuwa la hatari. Ikumbukwe pia kwamba wale wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu wamewekwa nje ya masharti haya ya saa za kazi, jambo linalonifanya nisishangae ninapowaona mameneja wa miaka arobaini wakiwa tayari na vidonge vya presha mkobani.

Karibuni tuchangie.

Mama Zamu aliandika:

Mleta uzi, shikamoo, na asante kwa kuliweka jambo hili wazi. Mimi ni muuguzi, na ninataka kuongeza habari ya zamu za usiku, kwa sababu hizo zina madhara yake ya peke yake. Saa nane usiku mwili unataka kulala, lakini wodi ina wagonjwa wengi na wauguzi wachache, hivyo tunachokula ni kile kinacholiwa kwa mkono mmoja: maandazi, biskuti, soda. Ukifika nyumbani saa mbili asubuhi, nyumba ndiyo kwanza imeamka. Watoto wanataka uji, jirani anapiga redio, bati limeanza kupata joto. Unalala saa tatu, pengine nne, kisha unaamka kupika. Kwa mwanamke, kazi ya nyumbani haiulizi kama ulitoka zamu. Nimewaona wenzangu wakinenepa na kupata sukari ndani ya miaka michache, na hao ndio wanaowafundisha wagonjwa jinsi ya kula. Wanajua kila kitu kuhusu lishe. Elimu hawakuikosa.

Mleta uzi alijibu:

Marahaba, Mama Zamu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo ninayotamani kila mwandaaji wa semina aisome. Iwapo ujuzi ungetosha, wauguzi na madaktari wangekuwa watu wenye afya kuliko sote. Kwa upande wa sheria, mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Lakini fedha hiyo hainunui usingizi. Kinachosaidia zaidi ni ratiba ya zamu inayotolewa mapema na isiyobadilishwa kwa simu ya ghafla, zamu za usiku zisizofuatana kwa muda mrefu, na mahali penye chakula cha moto usiku. Hili la mwisho ni rahisi na bado halifanyiki: mama lishe hufunga jioni, na mkahawa wa hospitali nao umefungwa, kwa hiyo zamu nzima inabaki na duka la soda lililo getini.

Msafirishaji aliandika:

Habari zenu. Mimi ni mwajiri, nina malori, na ninaomba nisikilizwe bila kutukanwa. Uzi huu unaelekea kumwondolea mfanyakazi wajibu wote. Nina madereva wanaokwenda safari ileile, kwa mshahara uleule. Mmoja anatafuna mirungi na kunywa, mwingine anakunywa maji na kwenda msikitini. Kama kazi ndiyo inayowaharibu, mbona haiwaharibu wote? Pia tunashindana na watu ambao hawafuati sheria yoyote. Nikimpumzisha dereva kila nikiambiwa, mzigo unachukuliwa na mwingine.

Mleta uzi alijibu:

Ndugu Msafirishaji, swali lako ni la haki, na hakuna sababu ya kukutukana. Ni kweli kwamba watu hawafanani, na tafiti zenyewe zinakubaliana nawe kwa sehemu. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliohusisha wafanyakazi wapatao 118,000 wa nchi za Ulaya ulikuta kwamba wenye kazi za msongo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban robo, wa kuwa na mazoea mabaya yote manne kwa pamoja: sigara, unywaji uliopindukia, unene na kutofanya mazoezi. Robo ni mwelekeo tu, wala haimlazimishi mtu yeyote. Wapo pia ambao uhusiano wao huenda kinyume, yaani mazoea mabaya ndiyo yanayowafanya washindwe kazi na kuelemewa nayo.

Kuna matokeo mengine yanayokuunga mkono zaidi, nami nayataja kwa sababu yana manufaa kwa kila anayesoma hapa. Mika Kivimäki na wenzake, mwaka huohuo wa 2013, walifuatilia watu zaidi ya 102,000. Miongoni mwa wenye msongo wa kazi waliokuwa na mazoea mabaya, takriban 31 katika kila 1,000 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo ndani ya miaka kumi. Miongoni mwa wenye msongo uleule lakini wanaoishi kwa mazoea mazuri, walikuwa takriban 15. Dereva wako anayekunywa maji anajilinda kweli, na anastahili kupongezwa.

Lakini ninaomba uliangalie lori lenyewe. Mirungi inatafunwa barabarani kwa sababu moja kubwa, nayo ni kukaa macho. Tanzania imeipiga marufuku, na dereva anayeitumia huhatarisha leseni, uhuru na ajira yake, na bado wapo wanaoitumia. Mtu hachukui hatari ya namna hiyo kwa ajili ya starehe tu. Muda wa kufika aliopewa haumwachii nafasi ya kulala. Vivyo hivyo, tarehe 1 Machi 2017 pombe kali ya viroba, yaani ya vifuko vidogo vya plastiki, iliondolewa sokoni, na mimi niliiunga mkono hatua ile kwa moyo wote kwa jinsi ilivyokuwa ikiwamaliza vijana. Hata hivyo, uchovu uliowafanya wengine wanywe kiroba saa tatu asubuhi haukuondolewa na tangazo lolote. Kuhusu washindani wako wasiofuata sheria, hapo ninakubaliana nawe kabisa: mwajiri mwema hawezi kubeba gharama peke yake, na ndiyo maana ukaguzi unapaswa kuwa wa wote.

Karani wa Ilala aliandika:

Mkuu, nimesoma kuanzia mwanzo hadi hapa na nimejiona. Sisi tuna bonanza kila robo mwaka, tunavaa fulana, tunakimbia, tunapigwa picha. Jumatatu kazi ni ileile. Naomba utuambie kwa vitendo: mfanyakazi wa kawaida, asiye na cheo, aanzie wapi bila kuonekana mkorofi?

Mleta uzi alijibu:

Ndugu Karani, bonanza si baya, na vikundi vya mbio vya mitaa ya Temeke na kwingineko vimewasaidia watu wengi kupata mwendo na marafiki. Tatizo ni pale inapochukua nafasi ya mambo mengine.

Mimi ningeanzia kwenye saa ya chakula. Sheria inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Ni dai dogo, halimtishi mwajiri, na linagusa mazoea moja kwa moja, kwa sababu aliyekula wali maharage na mboga saa saba mchana hafiki saa mbili usiku akiwa na njaa ya kumeza chochote. Msiliombe mmoja mmoja. Wekeni kumbukumbu kwa wiki mbili, idara nzima, ya saa mliyoingia, saa mliyokula na saa mliyotoka, kisha mpeleke karatasi hiyo kwa afisa utumishi kupitia tawi la chama chenu cha wafanyakazi, kiwe ni TUICO, TUGHE au kingine. Karatasi yenye saa ni vigumu kuipinga, na haimtaji mtu yeyote kuwa mbaya.

La pili ni likizo. Siku 28 kwa mwaka ni haki yenu, na nimeona ofisi ambazo watu hujivunia kutoichukua. Mkuu wa idara akianza kwenda likizo yake kamili, bila kujibu simu, walio chini yake hupata ruhusa ambayo waraka wowote hauwezi kuwapa.

La tatu, ambalo ndilo gumu, ni mkataba wa hali bora. Chama kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi mahali pa kazi kina haki ya kujadiliana na mwajiri, na sioni sababu ya mazungumzo hayo kuishia kwenye mishahara na fedha za mazishi. Yanaweza kuingiza ukomo wa saa za ziada ulio chini ya ule wa sheria, tuseme 30 kwa wiki nne badala ya 50, ambao ungewaweka kwenye saa 52 na nusu kwa wiki. Yanaweza kuingiza muda wa simu za kazi kukoma jioni, na namna malengo ya mwezi yanavyopangwa, ili wanaoyatekeleza waulizwe kabla hayajapitishwa. Hilo la kuulizwa ndilo ningelipigania kuliko yote, kwa kuwa linarudisha kile ambacho watumishi wa ngazi ya chini wa Whitehall walikikosa.

Kama mtaamua kuanza na kumbukumbu za saa, niandikieni hapahapa kwenye uzi na nitaweka jedwali tupu ambalo mnaweza kulichapa. Safu zake ziwe tano tu: tarehe, kuingia, chakula, kutoka, na saa ya simu ya mwisho ya kazi.